Kuomba vyumba vyenye mlango wa kati kwa ajili ya familia Arusha na Moshi: namna ya kupata ahadi inayoshika

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Kila likizo za shule zinapokaribia, wazazi huuliza watapata wapi malazi ya familia Arusha au Moshi, na wengi wao hutaka kitu kilekile: vyumba viwili vyenye mlango wa kati, wazazi walale upande mmoja na watoto upande wa pili, na mtoto akiita usiku mzazi amfikie bila kutoka nje. Jibu wanalopewa mara nyingi ni fupi: waambie tu watu wa mapokezi. Nimefanya kazi ya mapokezi na ya buking, yaani kuwawekea wageni nafasi, katika hoteli za Arusha kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Moshi, na ninaandika uzi huu kwa sababu jibu hilo limewaumiza wazazi wengi niliowapokea wakiwa wamechoka na safari, watoto wamelala mabegani. Ombi lililoandikwa kwenye kisanduku cha maoni halimfungi mtu yeyote. Linalofunga ni neno la mtu anayegawa vyumba, likiwa katika maandishi na likitaja jozi yenyewe ya vyumba.

Naanza na namna ombi linavyosikika upande wa pili wa simu. Mzazi akisema anaomba vyumba vya pamoja, au vya karibu, mfanyakazi wa buking anaweza kuelewa mambo matatu yasiyofanana: vyumba vyenye mlango katika ukuta unaovitenganisha; vyumba vinavyochangia ukuta lakini kila kimoja kina mlango wake wa nje tu; au vyumba vilivyo kwenye korido moja, pengine vikitazamana. Mfanyakazi mwenye wageni watano mbele yake ataandika "karibu", na kwa nia njema kabisa atakupangia vyumba vinavyotazamana akiamini ametimiza ulichotaka. Kwa hiyo taja mlango wenyewe. Sema: "Nahitaji vyumba viwili vyenye mlango wa ndani, unaotoka chumba kimoja na kuingia kingine bila kupita nje." Mtu akishausikia mlango ukitajwa, atalazimika kufikiria ukuta gani una mlango, na hapo mazungumzo yanakuwa ya kweli.

Mlango huo una uzito zaidi katika miji yetu kuliko wengi wanavyodhani. Hoteli nyingi za Arusha na Moshi, hasa zenye bustani, zimejengwa vyumba vyake vikifunguka moja kwa moja kwenye baraza ya nje, na nyingine ni vibanda vilivyosambaa katikati ya migomba na miti. Mchana mpangilio huo unapendeza sana. Lakini Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai saa tisa za usiku inamkuta mzazi aliyetoka Dar es Salaam au Tanga akiwa na shuka tu begani, akivuka baraza kwenda kumpima mtoto homa. Moshi iko chini zaidi na ina joto, lakini masika ya Machi hadi Mei hunyesha huko mvua ambayo haimwachi mtu avuke bustani bila kulowa.

Sasa kuhusu mlango wenyewe, kwa sababu ukiujua unavyofanya kazi utaelewa kwa nini hauwezi kuombwa kama unavyoomba mto wa ziada. Kwa kawaida huwa ni milango miwili iliyowekwa mgongo kwa mgongo katika ukuta mmoja. Kila mmoja unafunguka upande wa chumba chake na kufungwa kwa komeo la upande huohuo, ili vyumba viweze pia kuuzwa kwa wageni wasiofahamiana. Familia inapovichukua vyote viwili, milango yote miwili lazima ifunguliwe, kila mmoja kutoka upande wake. Ukuta wa namna hiyo hujengwa tangu mwanzo, kwa hiyo idadi ya jozi haiongezeki kwa sababu Desemba imefika. Hoteli yenye vyumba vingi inaweza kuwa na jozi chache tu, na hoteli nyingi za kati hazina hata moja. Swali la kwanza kwenye simu, kabla ya bei na kabla ya kifungua kinywa, liwe hili: je, mna vyumba vyenye mlango wa kati, ni jozi ngapi, na kila jozi ina vitanda gani?

Sehemu ya mwisho ya swali hilo ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo hubomoa mipango mingi. Mgeni anapoweka nafasi hanunui namba ya chumba; ananunua aina ya chumba. Namba hutolewa baadaye, mara nyingi jioni ya kuamkia siku ya kufika au asubuhi yake, na anayeitoa hutazama nani anaondoka, chumba gani kimeshasafishwa na kipi kina bomba linalovuja. Jozi yenye mlango wa kati aghalabu haina vyumba vya aina moja. Kimoja kinaweza kuwa dabo yenye kitanda kikubwa na kingine twini yenye vitanda viwili vidogo, au kimoja cha kawaida na kingine kikubwa chenye sebule. Mzazi akiingia mtandaoni akanunua dabo mbili, kisha akaandika chini kwamba anaomba mlango wa kati, ameomba kitu ambacho aina alizonunua huenda hazinacho katika jengo lote. Mgawaji wa vyumba hatakuwa na la kufanya isipokuwa kukupandisha daraja bila malipo, na katika wiki ya Krismasi hakuna hoteli yenye nafasi ya ukarimu huo. Uliza kwanza jozi ina vyumba vya aina gani, halafu ununue aina hizohizo.

Mitandao ya kuwekea nafasi ni mizuri kwa kulinganisha bei na picha, nami siipingi. Lakini Booking.com yenyewe humweleza mteja kwamba maombi maalumu hayana uhakika, na hiyo ndiyo hali ilivyo: ombi linafika hotelini kama maandishi madogo chini ya jina lako, miongoni mwa maombi ya mto laini na chumba kisichoelekea barabarani. Kampuni ya Hilton ilianzisha mwaka 2021 utaratibu wa kumwezesha mgeni kuweka nafasi ya vyumba vyenye mlango wa kati na kupata uthibitisho papo hapo, jambo linaloonyesha kwamba ahadi hiyo inawezekana kabisa kutolewa mapema hoteli ikiamua. Kwa hoteli nyingi za hapa kwetu uamuzi huo haupo kwenye kompyuta. Uko kwa msimamizi wa mapokezi, na njia ya kumfikia ni simu.

Piga simu katikati ya siku ya kazi, kati ya saa nane na saa kumi alasiri, wageni wanaoondoka wakiwa wameshaondoka na wanaofika jioni hawajaanza kumiminika. Mwombe anayepanga vyumba, si aliyepokea simu tu. Mkikubaliana, tuma ujumbe siku hiyohiyo kwa barua pepe au WhatsApp ya hoteli, na usiutume kwenye simu binafsi ya mfanyakazi, kwa kuwa anaweza kuwa likizo siku utakayofika. Huu ni mfano ambao mtu yeyote anaweza kuutumia:

"Ndugu Meneja wa Mapokezi, kama tulivyozungumza leo kwa simu, naomba kuthibitishiwa vyumba viwili vyenye mlango wa ndani unaoviunganisha, dabo moja na twini moja, kuingia tarehe 22 Desemba na kutoka tarehe 27 Desemba. Tutakuwa watu wazima watatu na watoto watatu, wenye umri wa miaka 11, 7 na 3. Mtoto mdogo anahitaji kufikiwa usiku, ndiyo sababu mlango huo ni wa lazima kwetu. Naomba mnitajie namba za vyumba mlivyotutengea, kiasi cha malipo ya awali kinachohitajika ili visitolewe kwa mgeni mwingine, na mtatufanyia nini endapo havitapatikana siku hiyo."

Sentensi ya mwisho ina maswali matatu, na kila moja lina kazi yake. Namba za vyumba zinamlazimisha mpangaji kufungua kitabu au mfumo na kuzuia vyumba hivyo kwa jina lako. Malipo ya awali yanaifanya hoteli iwe na sababu ya kumkatalia mwingine. Swali la mbadala linazaa jibu mapema, mkiwa mmetulia, badala ya kuzaa ugomvi saa mbili usiku mbele ya watoto. Wakikujibu kwamba watajitahidi, usikasirike, kwa sababu pengine ni waungwana wasiotaka kukudanganya. Ila uelewe kwamba bado hujaahidiwa, na uendelee kuuliza kwingine.

Mambo mawili madogo kabla sijawapisha. Ikiwa nafasi ziliwekwa mara mbili, kwa mfano baba amelipia chumba kimoja na shangazi kingine, hoteli inaona wageni wawili wasiojuana. Wape namba zote mbili za uthibitisho na uwaombe waziunganishe. Na katika karatasi, kila chumba kiwe na jina la mtu mzima, hata kama mnajua watoto watalala wenyewe upande wa pili, kwa kuwa hoteli nyingi hazisajili chumba kwa jina la mtoto.

Mama wa wawili, Dar es Salaam

Asante sana, ndugu mleta mada. Umeeleza kitu kilichotutokea Desemba iliyopita. Tulikwenda Moshi kwa kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, na kwa kuwa nyumbani Kibosho kulijaa wageni tukaamua kulala hotelini. Ahadi tulipewa, namba za vyumba tulitajiwa, na vyumba tulivikuta. Tulichokosa ni ufunguo wa mlango wa kati. Tulifika saa tatu usiku, kijana wa zamu alikuwa mpole sana lakini akasema ufunguo unakaa kwa mkuu wa usafi ambaye ameshakwenda nyumbani. Usiku ule mume wangu alilala na watoto na mimi nikalala na mama mkwe, mlango uko katikati yetu umefungwa. Je, jambo kama hili mtu analizuia vipi?

Mleta mada

Pole sana, mama. Nafurahi umelieleza, kwa sababu ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyojua. Vyumba hivyo siku nyingi huuzwa kimoja kimoja, kwa hiyo milango ya kati hukaa imefungwa miezi na miezi, na katika hoteli nyingine hata kabati au meza husukumwa mbele yake. Ufunguo wake si ule unaopewa mgeni. Mara nyingi unakaa kwa mkuu wa wahudumu wa vyumba, na zamu yake huisha jioni.

Dawa yake ni simu ya pili, siku moja kabla ya kufika, asubuhi. Usiulize tena kama vyumba vipo. Omba mlango ufunguliwe wakati vyumba vinaandaliwa, na uachwe wazi, ili zamu ya usiku isihitaji ufunguo wowote. Taja pia saa mtakayofika. Basi la kutoka Dar es Salaam linaweza kuchelewa njiani, na ndege ya jioni inayotua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, itawafikisha mjini usiku; hoteli isiyojua saa yako inaweza kuanza kudhani kwamba hutakuja, na chumba kimoja cha jozi kikauzwa kwa mtu aliyesimama mapokezi na fedha mkononi. Mkifika, kabla ya kusaini na kabla ya mizigo kupandishwa, mtu mzima mmoja aende na mhudumu aujaribu mlango huo huku wengine wakisubiri na watoto. Ni dakika chache tu, na bado mko mahali ambapo hoteli inaweza kurekebisha.

Mkazi wa Kijenge

Mkuu, naheshimu uzoefu wako, lakini naona tunajitafutia taabu. Arusha ya leo ina nyumba za kupangisha kwa siku huko Njiro, Sakina na Kisongo, zenye vyumba vitatu, jiko na uwanja wa watoto kucheza. Familia ya watu sita inakaa nyumba nzima, inapika ugali wake, na pengine inalipa pungufu ya vyumba viwili vya hoteli. Na asiyetaka nyumba, achukue chumba cha familia chenye vitanda vinne, biashara iishe. Kwa nini kuhangaika na mlango?

Mleta mada

Hoja yako ni nzito, kaka, na kwa familia nyingi ndiyo jibu sahihi. Mwenye watoto wote chini ya miaka mitano hana haja ya vyumba viwili. Chumba kimoja kikubwa kitamfaa zaidi, kwa sababu atalala akiwaona. Ninachomshauri ni kuuliza kitanda cha ziada ni kitanda kweli au ni godoro litakalotandikwa sakafuni, na kama vyandarua vinatosha vitanda vyote. Nimeona chumba kikiitwa cha watu watano kikiwa na vyandarua viwili.

Nyumba ya kupangisha nayo ni nzuri kwa wanaokaa wiki nzima na wenye gari. Lakini likizo ni likizo pia kwa mama. Katika nyumba hiyo nani anaamka kupika chai, nani anaosha vyombo, na umeme ukikatika saa nne usiku nani anawasha jenereta, kama lipo? Mara nyingi ni yuleyule aliyekuwa akifanya hayo nyumbani mwaka mzima. Hotelini kuna mlinzi, kuna mtu wa mapokezi usiku kucha, na asubuhi meza imeandaliwa. Kwa mama aliyechoka, mimi naliona hilo kuwa na thamani kubwa, hata bei ikizidi kidogo.

Vyumba viwili vyenye mlango wa kati vinafaa hasa kwa familia ambayo watoto wake wamekua bila kukua sana: kijana wa miaka 14 ambaye hawezi kubadili nguo mbele ya baba yake, na mdogo wake wa miaka 4 ambaye bado anaamka akilia. Vinafaa pia kwa familia iliyokuja na bibi, kwa kuwa bibi anapata bafu lake na utulivu wake, na bado mlango uko wazi akihitaji msaada. Hapo chumba kimoja cha vitanda vinne hakitoshi hata kikiwa kipana, kwa sababu bafu linabaki moja kwa watu sita wanaotaka kuondoka alfajiri kwenda Hifadhi ya Arusha.

Mhudumu wa mapokezi, Moshi

Shikamoo kwa wakubwa wote waliomo humu. Mimi nipo kazini hadi leo, nami naomba kuongeza upande wetu, kwa kuwa mleta mada ameusahau kidogo.

Moshi hoteli inaishi kwa wageni wa mlima, yaani wanaopanda Kilimanjaro. Kampuni za utalii hushika vyumba vingi kwa pamoja, usiku wa kabla ya kupanda na usiku wa baada ya kushuka, na mgeni aliyeshindwa njiani hushuka kabla ya siku yake. Anafika ameishiwa nguvu, pengine anaumwa na urefu wa mlima, na hakuna mtu atakayemfukuza kwa sababu chumba kimeandikiwa familia itakayofika kesho. Hivyo ndivyo jozi inavyovunjika bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari, hali hiyo ni ya kila wiki. Mwishoni mwa Februari au mapema Machi kuna mbio za Kilimanjaro Marathon, na siku hizo mtu asitegemee jozi yoyote Moshi kama hakuweka nafasi miezi kadhaa kabla. Desemba ndiyo kilele: ndugu zetu wanarudi nyumbani kutoka kila mkoa, kuna harusi, komunyo na kipaimara, na kamati za harusi zinachukua ghorofa nzima.

Kuhusu malipo ya awali, nakubaliana na mleta mada, lakini naomba wageni wawe waangalifu. Lipa kwa Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kulipia kwa simu, au akaunti ya benki, yenye jina la hoteli, na jina lisomeke kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Mtu akikutumia namba yake mwenyewe kwa madai kwamba ataifikisha fedha kwa mhasibu, usilipe. Omba risiti, na uulize mapema fedha hiyo inarudishwa kwa masharti gani msipokuja.

La mwisho, mtuambie idadi ya kweli. Mgeni anaandika watu wanne, wanafika saba. Vyumba viwili vyenye mlango wa kati si ukumbi. Vina idadi ya vitanda, vyandarua, taulo na sahani za kifungua kinywa. Tukijua mapema kuna dada wa kazi na watoto wa shangazi, tunatafuta chumba cha tatu kilicho jirani. Tukijua saa mbili usiku, hatuna pa kukitoa.

Mleta mada

Marahaba, mwanangu, na asante kwa kutuwekea upande huo sawasawa. Kuhusu wageni wa mlima nilikuwa sijalieleza ipasavyo. Nyongeza yangu ni kwamba Arusha ina jambo linalofanana na hilo kutoka upande wa mikutano. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako huko, ukumbi wa mikutano ya kimataifa wa AICC upo huko, na mkutano mkubwa ukiongezewa siku, wajumbe hawatoki vyumbani. Mzazi anayekuja Arusha aulize kama tarehe zake zinagongana na mkutano. Mwenye kuja mwanzoni mwa Agosti akumbuke pia Nane Nane, sikukuu ya wakulima, kwa sababu maonyesho hufanyika Themi na waonyeshaji hulala mjini.

Baba wa Sakina

Nina swali la usalama. Mwezi uliopita nilikuwa mgeni katika mji mwingine, nikapewa chumba kimoja tu, na ndani yake kukawa na mlango wa namna hii. Sikuwajua waliokuwa upande wa pili, na nilisikia mazungumzo yao yote hadi usiku wa manane. Mtu afanye nini akipewa chumba cha aina hiyo bila kukiomba, hasa mama anayesafiri na binti yake?

Mleta mada

Swali zuri, baba. Ukiingia chumbani, jaribu kitasa cha mlango huo kabla hujafungua begi. Ukifunguka hata kidogo, piga mapokezi waje waufunge mbele yako. Usikubali kuambiwa kwamba upande wa pili umefungwa, kwa kuwa mlango wa upande wako ndio ulinzi wako. Angalia komeo lake, si ufunguo tu, maana ufunguo una nakala na komeo halina. Mama aliye na binti yake ana haki kamili ya kuomba chumba kisicho na mlango huo, na mtu yeyote wa mapokezi mwenye busara hatauliza sababu. Kelele hupita kwa sababu mlango, hata ukiwa mnene, hauwi kama tofali, na mwanya wa chini hupitisha sauti. Taulo lililokunjwa na kuwekwa hapo hupunguza kidogo. Mwenye usingizi mwepesi aseme wakati wa kuweka nafasi kwamba hataki chumba chenye mlango wa kati. Ombi hilo ni rahisi kulitimiza kuliko lile la kuupata.

Kwa upande wa wazazi mliofanikiwa kupata jozi, usalama una sura nyingine. Chumba cha watoto nacho kina mlango wake wa kutokea nje, na mara nyingi kina roshani. Funga mlango huo wa nje kwa komeo la juu ambalo mdogo halifikii, ufunguo ukae mahali ambapo mtu mzima yeyote anaufikia gizani, na wote mpite upande wa wazazi. Omba jozi ya chini ikiwa una mtoto anayepanda viti, lakini isiwe ile inayofungukia moja kwa moja kwenye bwawa la kuogelea. Mambo haya mawili yanaweza kugongana, na ikibidi kuchagua, mimi ningechukua ghorofa ya kwanza yenye roshani inayofungwa kuliko mlango unaotoka hadi majini.

Mama wa wawili, Dar es Salaam

Naomba kuuliza la mwisho. Mwaka huu tunakuja tena, na safari hii mama yangu mzazi yupo. Magoti yake hayamruhusu kupanda ngazi. Hoteli tuliyoipenda iko nje kidogo ya Moshi, upande wa Shanty Town, na wametujibu kwamba jozi zao zote ziko juu na lifti hakuna. Wametupa vyumba viwili vya chini vinavyochangia ukuta, bila mlango. Tukubali au tutafute kwingine?

Mleta mada

Kwa hali uliyoieleza, mama, goti la bibi linatangulia mlango. Kubalini vyumba vya chini, lakini muulize mambo matatu kabla ya kulipa: kama milango ya vyumba hivyo inafungukia kwenye baraza moja iliyoezekwa, ili usiku mtu asipite kwenye mvua, kama kuna taa ya baraza inayowaka usiku kucha, umeme ukikatika pia, na kama bafu la bibi lina sakafu isiyoteleza na mahali pa kushika. Mgawanyo wenu nao ubadilike. Bila mlango wa kati, mdogo asilale mbali na mzazi, kwa hiyo wewe na bibi mchukue chumba kimoja pamoja na mdogo, na baba achukue kingine na mkubwa. Omba ufunguo wa pili wa kila chumba, muachiane.

Mkitaka kuujaribu mlango hata hivyo, tafuteni hoteli za Moshi mjini zenye lifti, au zisizo na ghorofa, na mpige simu wiki hii. Kwa wiki ya Krismasi jozi zinaisha mapema sana, na nyingi hushikwa na familia zilizolala humohumo mwaka uliotangulia, ambazo huacha ombi lao mapokezi siku ya kuondoka.